Kuzuru nyumba za Mfalme wa Uingereza: jua kwanza nyumba ni ya nani

Wageni wengi wanaofika London husimama nje ya uzio wa Buckingham, hupiga picha mbili tatu, kisha huenda zao wakiamini wameiona nyumba ya mfalme. Walichokiona ni ukuta wa upande wa mashariki tu, ambao ulivishwa mawe mapya mwaka 1913. Mfalme mwenyewe halali humo. Charles III amekuwa akiishi Clarence House tangu 2003, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka hapo. Nyumba za kuingia na kuzitazama kwa utulivu zimetawanyika kutoka London hadi milima ya Uskoti, na kila moja hufungua milango kwa utaratibu wake. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuingia ndani.

Hatua ya 1: Jua nyumba ni ya nani

Usiiruke hatua hii hata kama una haraka ya kununua tiketi. Mwenye nyumba ndiye anayeamua karibu kila kitu kinachokuhusu: mlango utakuwa wazi lini, tiketi inauzwa na nani, na utaruhusiwa kufika chumba gani.

Kuna nyumba za ufalme: Buckingham, Windsor na St James's, pamoja na Holyroodhouse kule Edinburgh. Mfalme hukaa humo kwa sababu ni mfalme. Hawezi kuziuza, wala hawezi kuandika wosia akamwachia amtakaye; akifa au akijiuzulu, zinamfuata atakayekalia kiti. Matunzo ya zile tatu za kwanza hulipiwa na ruzuku ambayo serikali humpa mfalme kila mwaka kwa utaratibu ulioanza 2012, ikikadiriwa kwa kutazama faida ya Crown Estate, yaani mali ya ufalme ambayo mapato yake huingia hazina ya taifa. Kwa kuwa fedha ni ya umma, mambo ya nyumba hizi huzungumzwa hadharani. Ukarabati mkubwa wa Buckingham ulioanza 2017 ulipangiwa pauni milioni 369, na wananchi walielezwa ni za nini: nyaya za umeme, mabomba na mitambo ya kupasha joto ambayo haikuwa imeguswa kwa kiasi hicho tangu miaka ya 1950.

Nyumba binafsi ni habari nyingine. Balmoral huko Uskoti na Sandringham huko Norfolk ni mali ya mfalme mwenyewe, na ruzuku ile haizihusu. Tofauti hii ilijitokeza waziwazi Desemba 1936, Edward VIII alipojiuzulu. Buckingham na Windsor zilikwenda kwa mdogo wake, George VI, pamoja na taji. Balmoral na Sandringham hazikwenda. Edward alikuwa amezirithi kwa baba yao kama mtu yeyote anavyorithi, zikabaki zake hata baada ya kuacha kiti, na George VI akalazimika kuzinunua kutoka kwa kaka yake. Kila ninapopita mojawapo ya nyumba hizi mbili nakumbuka mauziano hayo, na naona ndiyo maelezo bora kuliko andiko lolote la kisheria.

Halafu kuna makasri ambayo wafalme walikwisha kuyahama. Mnara wa London, Hampton Court, Kew na vyumba vya wageni vya Kensington vinaendeshwa na Historic Royal Palaces, shirika la hisani linalojitegemea kwa tiketi na michango. Hillsborough, Ireland ya Kaskazini, ni makazi rasmi ya mfalme akiwa huko, ila tangu 2014 shirika hilohilo ndilo linaloitunza na kupokea wageni.

Highgrove, karibu na mji mdogo wa Tetbury, inachanganya watu. Ilinunuliwa mwaka 1980 na Duchy of Cornwall, miliki ambayo mapato yake ni ya mrithi wa kiti. Wakati huo mrithi alikuwa Charles. Siku alipokuwa mfalme, Septemba 2022, duchy ilihamia kwa William. Kwa hiyo nyumba ambayo baba aliitengenezea bustani kwa zaidi ya miaka arobaini sasa iko chini ya miliki ya mtoto.

Hatua ya 2: Panga safari kwa kalenda ya mfalme

Mlango wa mgeni hufunguka pale mfalme anapotoka, na mwaka wake una mzunguko ambao haubadiliki sana. Krismasi huwa Sandringham. Wakati wa Pasaka huwa Windsor. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai hukaa Holyroodhouse kwa takriban juma moja. Kuanzia Agosti hadi vuli inapoanza huwa Balmoral.

Ukiugeuza mzunguko huo upate wa kwako, unaona hivi. Vyumba vya sherehe vya Buckingham hufunguliwa kuanzia Julai hadi mwishoni mwa Septemba. Bustani za Balmoral huwa wazi kuanzia majira ya kuchipua mpaka mapema Agosti, kisha geti linafungwa. Sandringham hupokea wageni kuanzia Aprili hadi Oktoba, ikifungwa siku chache mwishoni mwa Julai kwa ajili ya maonyesho ya maua. Windsor iko wazi mwaka mzima isipokuwa Jumanne na Jumatano, lakini hufungwa pia kukiwa na ugeni wa taifa au sherehe, na Juni ndio mwezi wa kuwa mwangalifu zaidi kwa sababu ya sherehe ya Garter, heshima ya kale ya mashujaa wa mfalme.

Kama unaweza kusafiri mara moja tu na unataka kuona nyingi, chagua katikati ya Julai. Buckingham imeshafunguliwa, Balmoral haijafungwa, mfalme ameshaondoka Edinburgh, na maonyesho ya Sandringham hayajaanza. Hakuna majuma mengine katika mwaka yanayokupa yote hayo kwa pamoja. Hata hivyo tarehe husogea kila mwaka, kwa hiyo thibitisha kwenye tovuti ya nyumba husika kabla hujalipia ndege.

Hatua ya 3: Nunua tiketi kwa mwenyewe

Buckingham, Windsor na Holyroodhouse zinauziwa tiketi na Royal Collection Trust. Nunua kwao moja kwa moja, si kwa wachuuzi wa mtandaoni. Utalipa bei halisi, na tiketi iliyonunuliwa kwao huweza kugeuzwa kuwa pasi ya kurudi mahali hapo kwa mwaka mmoja. Ulizia jambo hilo kabla hujatoka getini, maana huko ndiko pasi inakofanyiwa utaratibu.

Tiketi ina saa ya kuingia. Fika mapema kidogo, kwani kuna ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege. Begi kubwa ni mzigo wa bure siku hiyo, liache ulikofikia. Kuhusu picha, kila chumba kina masharti yake: tazama kibao cha mlangoni, na usipokiona muulize mhudumu kabla hujainua simu.

Hatua ya 4: Anza na Windsor

Ukiniuliza mimi, mgeni mwenye siku moja tu aende Windsor, si Buckingham. Buckingham ilikuwa nyumba ya kawaida ya kifahari hadi George III alipoinunua mwaka 1761, na mfalme wa kwanza kuifanya makao rasmi ni Malkia Victoria, 1837. Windsor ilianzishwa na William Mshindi karibu mwaka 1070, na haijawahi kuachwa. Ni kasri kubwa na kongwe kuliko yote duniani ambayo bado yanakaliwa. Unapopanda mteremko kuelekea getini unapita chini ya mnara wa mviringo ambao Henry II aliujenga kwa mawe katika karne ya 12.

Treni ziko mbili. Kutoka Waterloo kuna ya moja kwa moja hadi Windsor & Eton Riverside. Kutoka Paddington unabadilisha Slough na kushukia Windsor & Eton Central, kituo kilicho hatua chache tu kutoka getini. Ya pili huwa ya haraka zaidi.

Ukiingia, tazama juu ya mnara wa mviringo kabla ya jambo jingine lolote. Ikiwa bendera ya kifalme yenye simba na kinubi inapepea, mfalme yumo. Ikiwa ni bendera ya taifa, hayumo.

Kisha nenda St George's Chapel kwanza, wakati watu wengi wanakimbilia vyumba. Edward IV aliianza mwaka 1475. Chini ya sakafu ya sehemu ya waimbaji wamelala Henry VIII na Charles I, yule aliyekatwa kichwa 1649. Pembeni, katika kanisa dogo la ukumbusho la George VI, ndiko alikozikwa Malkia Elizabeth II mwaka 2022 pamoja na mumewe, wazazi wake na majivu ya mdogo wake Margaret. Wageni hupita hapo polepole bila kuambiwa. Jumapili kanisa halipokei watalii, lakini mlango wa ibada uko wazi kwa yeyote anayekuja kusali.

Ndani ya kasri usiharakishe ukumbi wa St George. Tarehe 20 Novemba 1992 moto ulianzia katika kanisa la faragha, pazia likiwa limeshika moto kwa sababu ya taa kali iliyokuwa karibu yake. Uliwaka kwa takriban saa 15 na kuharibu vyumba 115. Paa la ukumbi lilianguka. Kilicho juu yako leo ni kazi ya mafundi wa miaka ya 1990, mbao za mwaloni zilizounganishwa kwa mbinu za karne za kati, na kazi yote ilikamilika Novemba 20, 1997, miaka mitano kamili baada ya moto. Iligharimu pauni milioni 36.5. Ili kupata fedha hizo Buckingham ilifunguliwa kwa umma mwaka 1993, kwa hiyo mlango utakaoingia Buckingham ulifunguliwa na moto wa Windsor.

Kwenye dari la ukumbi huo kuna ngao za mashujaa wa Garter tangu Edward III alipoanzisha heshima hiyo mwaka 1348. Tafuta zile nyeupe zisizo na alama. Ni za waliovuliwa heshima kwa usaliti au makosa mengine: nafasi zao zimeachwa, nembo zao zimefutwa.

Ukitembelea wakati wa vuli au baridi utapata na vyumba vya George IV, ambavyo kiangazi hufungwa. Ndivyo vyenye dhahabu na hariri nyingi zaidi, na mimi ningekubali mvua ya Novemba kwa ajili yake.

Hatua ya 5: Buckingham, ndani na nje

Kasri lina vyumba 775, na vyumba vya sherehe ni 19 tu kati ya hivyo. Vingine ni ofisi, vyumba vya kulala vya wafanyakazi, bafu 78, na kadhalika. Mlango wa wageni uko upande wa Buckingham Palace Road, si mbele kwenye uzio. Watu hupoteza muda mwingi kwa kutolijua hilo. Kituo cha Victoria ndicho cha karibu zaidi na mlango huo.

Utapanda ngazi kuu, utapita chumba cha kiti cha enzi, kisha ukumbi mrefu wa picha. Picha hizo si za mfalme binafsi. Anazishikilia kwa ajili ya warithi wake na taifa. Katika sebule nyeupe angalia kioo kikubwa kilicho kando ya meko: ni mlango uliofichwa, na familia huutumia kuingia wageni wakiwa wameshakusanyika. Ukumbi wa dansi uliokamilika wakati wa Victoria ndimo hufanyika sherehe za kutunuku nishani. Ziara inaishia bustanini, kwa hiyo vaa viatu vya kutembea.

Wanaotaka kuona walinzi wakibadilishana zamu waende Jumatatu, Jumatano, Ijumaa au Jumapili kabla ya saa tano asubuhi, na wathibitishe ratiba kwa kuwa mvua kubwa huiahirisha. Uzioni pamejaa mno. Simama karibu na kasri la St James's, ambako sehemu ya kikosi huanzia, utawaona kwa karibu zaidi. Kasri hilo la matofali mekundu, lililojengwa na Henry VIII miaka ya 1530, halina ziara za kila siku, lakini bado ndilo ambalo hati za mabalozi huandikwa kwa jina lake, na ndimo Charles alimotangazwa mfalme tarehe 10 Septemba 2022. Clarence House iko ubavuni mwake.

Kensington na Hampton Court zipe siku nyingine. Kensington utaona vyumba vya wafalme wa zamani na mahali alipozaliwa Victoria mwaka 1819. Makazi ya familia yaliyomo humo hayahusiani na tiketi yako. Hampton Court inafikiwa kwa treni ya Waterloo, na jiko la Henry VIII peke yake linastahili nauli.

Hatua ya 6: Sandringham

Panda treni King's Cross hadi King's Lynn, karibu saa mbili, kisha basi la kwenda Sandringham. Eneo hili lilinunuliwa mwaka 1862 kwa ajili ya Edward, mwana wa Victoria, na nyumba ya sasa ilikamilika 1870. Wageni waliruhusiwa kuingia ndani kwa mara ya kwanza mwaka 1977.

Ukitoka Windsor utaona mara moja kwamba umebadilisha aina ya nyumba. Huku unaonyeshwa vyumba vya chini ambavyo familia huvitumia yenyewe msimu wa Krismasi. George V alitolea hapa hotuba ya kwanza ya Krismasi ya redio mwaka 1932, na hapa ndipo alipofia, kama mwanawe George VI alivyofia Februari 6, 1952. Mpaka 1936 saa za eneo hili zilitangulizwa nusu saa ili mwanga wa mchana utoshe kwa uwindaji. Edward VIII aliifuta desturi hiyo baba yake alipofariki.

Asiyetaka kulipa bado ana cha kufanya. Msitu na viwanja vya nje, takriban hekta 243, viko wazi kwa kila mtu bila tiketi. Nyumba na bustani zake ndivyo vinavyolipiwa. Usivuke ukuta kwa kudhani ni mwendelezo wa msitu: kuingia bila ruhusa kwenye baadhi ya makazi ya kifalme nchini Uingereza ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2005.

Hatua ya 7: Uskoti

Holyroodhouse iko mwisho wa barabara kuu ya mji wa kale wa Edinburgh, kwa hiyo unaifikia kwa miguu ukishuka kutoka ngome ya juu. Ilianza kama nyumba ya watawa mwaka 1128. Panda ngazi nyembamba za kujizungusha hadi vyumba vya Mary, Malkia wa Waskoti. Katika chumba kidogo cha chakula, usiku wa Machi 9, 1566, katibu wake David Rizzio alikokotwa kutoka mezani na kuuawa, malkia akiwa mjamzito. Ukiona jinsi chumba kilivyo kidogo utaelewa kwamba hakukuwa na pa kukimbilia.

Kuhusu bendera, sheria ya Windsor haitoshi hapa. Mfalme asipokuwepo, Holyroodhouse na Balmoral hupepea bendera ya njano yenye simba mmoja mwekundu aliyesimama. Wengi huiona wakadhani mfalme amefika. Akiwepo, bendera ina sehemu nne na simba huyo yumo katika mbili.

Balmoral ni mbali: treni hadi Aberdeen, kisha basi la 201 linalofuata mto Dee kupitia Ballater hadi Crathie. Albert aliinunua kwa ajili ya mkewe, Victoria, mwaka 1852, kasri jipya likakamilika 1856, na humo ndimo Elizabeth II alimofia Septemba 8, 2022. Kwa miaka mingi mgeni aliona bustani na ukumbi wa dansi tu. Mwaka 2024 ziara za vyumba vya ndani zilianzishwa, zikauzwa pauni 100, au 150 pamoja na chai, na tiketi zikaisha haraka mno. Anayezitaka ajiandikishe kupata taarifa na awe tayari siku ya mauzo. Wengine wanunue tiketi ya bustani, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi.

Lakini Balmoral ina zawadi ambayo haiuzwi. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika mashamba makubwa, hata ya mfalme, mradi aheshimu faragha ya nyumba, mifugo na wanyamapori. Endesha gari kutoka Ballater hadi Spittal of Glenmuick, mwisho wa barabara, ulipie maegesho, kisha uzunguke ziwa la Muick. Ng'ambo ya ziwa, chini ya miti, utakuta Glas-allt-Shiel, nyumba ambayo Victoria aliijenga 1868 ili apate pa kukaa mbali na pale alipoishi na Albert. Haifunguliwi kwa wageni, ila njia inapita karibu yake. Wapandaji wazoefu huendelea hadi kilele cha Lochnagar, mita 1,155. Kuanzia Agosti, wakati wa uwindaji, soma mabango ya maegeshoni kabla ya kuiacha njia kuu, beba koti la mvua hata kama asubuhi kuna jua, na ukifika kwa basi kumbuka kwamba halifiki ziwani: utahitaji teksi kutoka Ballater, na ni vyema uiagize mapema pamoja na ya kukurudisha, kwa sababu mtandao wa simu bondeni ni hafifu.